Jua la Mbeya na hesabu za Boston: vitamini D katika mjadala wa saratani ya tezi dume

Hoja inayozidi kusikika katika maduka ya dawa ya Mwanjelwa jijini Mbeya na katika makundi ya WhatsApp ya wanaume waliovuka miaka hamsini inakwenda hivi: mwanamume mweusi hupata saratani ya tezi dume kuliko mweupe kwa sababu ngozi yake huzuia jua, jua lisipopenya, mwili hukosa vitamini D, na mwili uliokosa vitamini D hauna kinga dhidi ya saratani hiyo. Kwa hiyo, anaambiwa, anunue vidonge. Hoja hiyo haikutungwa na wauza dawa. Ina asili ya heshima katika vyuo vikuu vya Marekani, imechunguzwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu yake mojawapo ina ukweli. Lakini ilizaliwa kujibu swali la watu weusi wanaoishi mahali penye jua hafifu, na ikiletwa kama ilivyo hadi Nyanda za Juu Kusini inapoteza msingi wake mkuu, huku ikituvuta mbali na jambo linalowaua wanaume wa Mbeya, Njombe na Iringa, nalo ni kufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kutoka kwenye tezi na kuingia mifupani.

Tofauti yenyewe si ya kubuni. Nchini Marekani wanaume weusi hugundulika na saratani ya tezi dume kwa kiwango kinachozidi cha weupe kwa zaidi ya asilimia 60, na hufa kwa ugonjwa huo karibu mara mbili ya weupe. Nchini Uingereza, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne atagundulika na saratani hiyo katika maisha yake, wakati kwa weupe ni mmoja kati ya wanane. Ni tofauti pana, na ndiyo maana watafiti wamekuwa wakitafuta sababu kwa bidii isiyo ya kawaida.

Wazo la vitamini D lilianzia kwenye ramani. Mwaka 1980 ndugu wawili, Cedric na Frank Garland, walionyesha kwamba vifo vya saratani ya utumbo mpana vilikuwa vingi zaidi katika majimbo ya Marekani yenye jua kidogo, wakapendekeza kwamba vitamini D ndiyo iliyoleta tofauti. Miaka kumi baadaye Gary Schwartz na Barbara Hulka walilihamishia wazo hilo kwenye tezi dume. Waliona kwamba mambo matatu yanayokwenda pamoja na vifo vya ugonjwa huo, yaani uzee, ngozi nyeusi na kuishi kaskazini, yote matatu hupunguza pia utengenezaji wa vitamini D mwilini. Mwaka 1992 Schwartz na Carol Hanchette wakapanga vifo hivyo wilaya kwa wilaya kwenye ramani ya Marekani, na picha ya kaskazini kuzidi kusini ikajitokeza tena. Lilikuwa wazo zuri kwa sababu lilikusanya mambo yaliyoonekana kutawanyika na kuyapa chanzo kimoja. Udhaifu wake ni ule wa kila ramani: huonyesha vitu vinavyopatikana mahali pamoja, lakini haisemi kipi kimekizaa kipi.

Maabara nayo ililipa wazo hilo nguvu. Ngozi ina kemikali ya jamii ya kolesteroli ambayo ikipigwa na mionzi ya urujuanimno ya aina ya B hugeuka kuwa vitamini D. Vitamini hiyo husafiri hadi kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa umbo linalopimwa hospitalini, kisha figo huikamilisha kuwa homoni inayofanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kwamba seli za tezi dume zina uwezo wa kuitimiza hatua hiyo ya mwisho zenyewe, tena zina vipokezi vya homoni hiyo, na katika vyombo vya maabara homoni hiyo hupunguza kasi ya kugawanyika kwa seli za saratani. Upande wa ngozi, melanini humeza sehemu kubwa ya mionzi inayohitajika, kwa hiyo mtu mweusi anahitaji kukaa juani muda mrefu kuliko mweupe ili apate kiasi kilekile. Utafiti wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba mjini Boston, kuanzia Novemba hadi Februari, jua haliwezi kutengeneza vitamini D hata katika ngozi nyeupe. Mtu mweusi aliyezaliwa na kukulia huko, anayefanya kazi ndani ya jengo, ana kila sababu ya kuwa na kiwango kidogo, na vipimo vya damu vinathibitisha hivyo.

Ushahidi ulioipa hoja hiyo uzito zaidi ulitoka Chicago mwaka 2014. Adam Murphy, daktari wa mfumo wa mkojo, na wenzake waliwachunguza wanaume 667 waliofika kliniki kuchukuliwa kinyama cha tezi dume kwa mara ya kwanza. Kwa wanaume weusi, upungufu mkubwa wa vitamini D uliambatana na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kukutwa na saratani, na kwa weusi na weupe upungufu huo uliambatana na saratani kali zaidi. Matokeo hayo yanastahili kuchukuliwa kwa uzito. Hata hivyo yalipatikana kwa watu ambao tayari walishukiwa kuwa na ugonjwa, na mtu mgonjwa, mnene, asiyetembea sana au asiyetoka nje, huwa na vitamini D kidogo kwa sababu zake mwenyewe. Damu iliyochukuliwa siku ya kipimo haiwezi kutuambia kama upungufu ulitangulia saratani au uliifuata.

Njia ya kulimaliza swali hilo ni kuwagawa watu kwa kura, nusu wapewe vitamini na nusu wapewe kidonge kisicho na kitu, kisha kusubiri. Kazi hiyo ilifanywa na JoAnn Manson na wenzake wa Boston katika utafiti unaoitwa VITAL, ambao matokeo yake yalitoka mwishoni mwa mwaka 2018. Washiriki walikuwa 25,871, na kwa makusudi walihakikisha kwamba 5,106 kati yao ni weusi. Kila siku, kwa miaka mitano na ushei, kundi moja lilimeza uniti 2,000 za vitamini D. Saratani kwa ujumla haikupungua. Saratani ya tezi dume ilipungua kwa asilimia 12, lakini mipaka ya makadirio ilianzia kwenye punguzo la asilimia 28 na kuishia kwenye ongezeko la asilimia 7, maana yake bahati tu ingeweza kuleta tokeo hilo. Kwa washiriki weusi, saratani zote kwa pamoja zilipungua kwa asilimia 23, na hapo mipaka iligusa kidogo tu upande wa pili. Wapenzi wa vitamini D hushikilia tarakimu hiyo ya mwisho. Mimi naiona kuwa sababu ya kufanya utafiti mwingine, si sababu ya kumwambia mzee wa Rungwe auze debe la mahindi akanunue vidonge.

Tafiti za aina nyingine mbili zimeelekea upande huohuo. Zile zinazotumia vinasaba, kwa kuwalinganisha watu ambao maumbile yao huwapa vitamini D nyingi au kidogo tangu kuzaliwa, hazikuona tofauti katika saratani ya tezi dume. Na mwaka 2019, watafiti waliounganisha takwimu za tafiti 19 ambamo damu ilichukuliwa kabla ya ugonjwa, walikuta kwamba wanaume wenye vitamini D nyingi walikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kugundulika na saratani, hasa ile isiyo kali. Huenda sababu ni kwamba watu wanaojali afya, wanaotembea nje na kula vizuri, ndio pia wanaokwenda kupimwa. Lolote liwalo, picha hiyo haifanani na kinga inayotangazwa.

Liko pia jambo la mifupa ambalo wauzaji hawalitaji. Wamarekani weusi wana vitamini D kidogo katika vipimo, lakini mifupa yao kwa wastani ni mizito na huvunjika mara chache kuliko ya weupe. Ikiwa tarakimu ileile ya damu haiashirii udhaifu uleule hata katika kiungo ambacho vitamini D inakihudumia waziwazi, basi kuichukua tarakimu hiyo na kuitumia kueleza saratani ni hatua inayohitaji tahadhari zaidi ya ile iliyozoeleka.

Sasa turudi nyumbani. Jiji la Mbeya liko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua hupita wima utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Hata mwezi Juni, wakati ambapo asubuhi za Uyole na Makete huwalazimisha watu kuvaa makoti mawili, jua la adhuhuri bado husimama nyuzi kama 58 juu ya upeo wa macho. Huko Boston mwezi Desemba halifiki hata 25. Baridi yetu hutokana na mwinuko wa nchi, si na unyonge wa jua. Tena mwinuko huohuo huongeza mionzi: Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mionzi ya urujuanimno huzidi kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Mbeya iko kwenye mita zipatazo 1,700, Iringa si mbali na hapo, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,500. Mkulima wa viazi anayepalilia huko akiwa amekunja mikono ya shati adhuhuri anapokea mionzi ambayo mkazi wa Chicago haioni hata Julai.

Kwamba ngozi nyeusi chini ya jua la tropiki hutengeneza vitamini D ya kutosha, hilo limepimwa hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen cha Uholanzi walichapisha vipimo vya Wamasai 35 wafugaji na Wahadzabe 25 wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kiwango ambacho wataalamu wa Marekani wanakiona kinatosha kwa mifupa ya karibu kila mtu ni 50. Ngozi za watu hao ni nyeusi kama zetu au zaidi, hawamezi vidonge, na wanapata zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa.

Wamasai na Wahadzabe, bila shaka, hawamwakilishi kila Mtanzania. Mhasibu anayeingia ofisini Mbeya mjini saa moja na nusu asubuhi na kutoka jua likiwa limeelekea kuzama hapati mionzi hiyo, na kukaa karibu na dirisha hakumsaidii, kwa maana kioo huizuia. Dereva wa bodaboda wa Tunduma, aliyevaa koti zito, glavu na helmeti, yuko juani kutwa nzima na ngozi yake haijui. Tukuyu na mabonde ya chai ya Mufindi hufunikwa na mawingu kwa wiki nyingi. Chakula chetu hakisaidii sana pia: ugali, ndizi, maharage, viazi na parachichi karibu havina vitamini D, ambayo hupatikana katika samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai. Sitashangaa utafiti ukija kuonyesha kwamba watumishi wa mijini katika nyanda hizi wana upungufu. Lakini wanaume waliofikia umri wa saratani ya tezi dume leo, wale wa miaka 65 na 70, wengi wao waliishi maisha yao shambani, machungani, kwenye misitu ya mbao ya Sao Hill na kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali. Kama jua lingekuwa ngao, wao wangekuwa wameivaa tangu utotoni.

Na bado ugonjwa upo. Makadirio ya GLOBOCAN, yanayotayarishwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, huiweka saratani ya tezi dume mbele ya saratani zote za wanaume nchini Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara, na viwango vya vifo vya ukanda huu, umri ukizingatiwa, ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani pamoja na vya visiwa vya Karibi. Karibi nako jua si haba. Mtu anaweza kujibu kwamba idadi ya wagonjwa wanaosajiliwa Afrika Mashariki bado iko chini ya ile ya Wamarekani weusi, kwa hiyo huenda jua linatusaidia kidogo. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama pande zote mbili zingekuwa zinapima sawasawa. Marekani hupima damu za mamilioni ya wanaume wasio na dalili yoyote, na hivyo huokota saratani ndogo ambazo kwetu mwenyewe huzikwa nazo bila yeyote kujua. Ukilinganisha waliogundulika, unalinganisha kwa sehemu kubwa juhudi za kutafuta. Ukilinganisha vifo, unakaribia zaidi ugonjwa wenyewe, na hapo hatuna cha kujivunia.

Basi tofauti ya rangi inatoka wapi? Sehemu yake inatoka katika vinasaba. Mwaka 2006 eneo fulani la kromosomu ya 8 liligundulika kubeba tofauti zinazoongeza hatari ya saratani ya tezi dume, na baadhi yake zinapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika; tangu hapo mamia ya maeneo mengine yameongezwa. Hili halimaanishi kwamba Mwafrika ni mmoja. Wamarekani weusi wengi wana asili ya Afrika Magharibi, na tafiti kubwa za vinasaba vya ugonjwa huu barani zimeegemea Senegali, Ghana, Nijeria na Afrika Kusini, kwa hiyo kumchukulia Mnyakyusa au Mhehe kana kwamba ni Mmarekani mweusi ni uzembe wa kitaalamu. Lakini ni dhahiri kwamba hatari ya kuupata ugonjwa ina mizizi ya kurithi: aliyekuwa na baba au kaka mwenye saratani hiyo yuko katika hatari ya mara mbili hivi ya mwingine.

Sehemu ya pili, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi, ni kinachotokea baada ya ugonjwa kuanza. Uchambuzi ule wa Uingereza ulikuwa na tarakimu nyingine ambayo watu hawainukuu sana: mwanamume mweusi mmoja kati ya 12 hufa kwa saratani ya tezi dume, na mweupe mmoja kati ya 24. Iweke tarakimu hiyo kando ya ile ya mmoja kati ya wanne na mmoja kati ya wanane. Katika makundi yote mawili, theluthi moja ya waliougua ndio wanaokufa. Maana yake ni kwamba katika nchi ambayo hospitali humtibu kila mtu bila malipo mlangoni, weusi huugua zaidi, lakini wakishaugua hawafi kwa kasi kuliko weupe. Nchini Marekani, uchunguzi wa mwaka 2019 uliohusisha zaidi ya wanaume 300,000 ulielekea upande huohuo: katika hospitali za askari wastaafu, ambako mweusi na mweupe hupata huduma inayokaribiana, na katika majaribio ya kitabibu, ambako tiba hupangwa kwa utaratibu mmoja, wanaume weusi wenye ugonjwa wa hatua sawa hawakufa zaidi kwa saratani hiyo. Kwa matokeo kama hayo, sehemu ya vifo iliyo mikononi mwa binadamu haiko kwenye ngozi. Iko kwenye siku ya kugunduliwa na tiba inayofuata.

Kwetu siku hiyo huchelewa. Tafiti za hospitali za rufaa nchini, ukiwamo uliofanyika Bugando kule Mwanza, zimeonyesha kwamba wengi wa wagonjwa hawa hufika ugonjwa ukiwa umekwisha sambaa. Mara nyingi tunalaumu uzembe wa wazee, nadhani kwa wepesi mno. Saratani ya tezi dume huanza kwa kawaida katika sehemu ya nje ya tezi, mbali na njia ya mkojo, kwa hiyo mwanzoni haimsumbui mtu hata kidogo. Kinachomwamsha mzee mara nne usiku kwenda haja ndogo, katika hali nyingi, ni kukua kwa kawaida kwa sehemu ya ndani ya tezi, jambo linalowapata wanaume wengi wanapozeeka na ambalo si saratani. Mzee huyo hununua dawa ya mitishamba iliyotangazwa redioni kuwa inatibu tezi dume. Mkojo unatulia kwa muda, kwa sababu hali hiyo ina kawaida ya kupanda na kushuka, naye anaamini amepona. Kama saratani ilikuwapo pembeni, inaendelea na safari yake. Dalili inayomfikisha hospitali mwishowe ni maumivu ya mgongo au kufa ganzi miguu, naye hupelekwa kwanza kwa waganga wa mifupa.

Hofu ya kipimo cha kidole nayo imefanywa mzaha kiasi kwamba imekuwa sababu yenyewe. Wanaume wengi hawajui kwamba hatua ya kwanza siku hizi ni kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Kipimo hicho kina kasoro zake: hupanda kwa maambukizi na kwa tezi iliyokua bila saratani, na huibua saratani ambazo zisingemuua mtu. Jaribio kubwa la Ulaya lilionyesha kwamba kupima kwa utaratibu hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa takriban asilimia 20, lakini lilifanywa karibu lote kwa wanaume weupe, na katika nchi ambako anayekutwa na PSA ya juu ana mahali pa kuchukuliwa kinyama wiki inayofuata. Chama cha Saratani cha Marekani hushauri kwamba mwanamume mweusi aanze kuzungumza na daktari wake kuhusu kipimo hicho akifika miaka 45. Ushauri huo nauona unafaa hata hapa, hasa kwa mwenye ndugu aliyeugua, ila utakuwa na maana pale tu hospitali ya wilaya itakapokuwa na la kufanya na jibu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mbeya aliyehitaji mionzi alitakiwa kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kukaa huko wiki kadhaa. Familia iliyokwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya safari hiyo haihitaji kuelezwa tofauti za vifo zinatoka wapi.

Kuna atakayesema kwamba vidonge vya vitamini D havidhuru, basi mtu ameze tu. Historia ya karibuni haikubaliani naye. Mwaka 2001 Marekani ilianza jaribio la wanaume 35,533 kuona kama seleniamu na vitamini E vingezuia saratani ya tezi dume, vitu viwili ambavyo tafiti za awali zilivisifu kama vitamini D inavyosifiwa sasa. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2008 kwa kukosa faida, na ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Vitamini D ikizidi sana nayo hupandisha kalisi katika damu na kuumiza figo. Wala ushauri wa kukaa juani si wa kila mtu; ndugu zetu wenye ualbino wanauawa na saratani ya ngozi, na kwao jua la mwinuko huu ni hatari ya kweli.

Swali la vitamini D linaweza kujibiwa hapa, na pengine hapa kuliko Boston. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kilichojijengea jina katika VVU na kifua kikuu, kina uzoefu wa kufuatilia watu kwa miaka mingi. Damu ingechukuliwa kwa wanaume wa miaka 45 na kuendelea wakiwa bado wazima, wakulima wa Mbozi kwa upande mmoja na watumishi wa mjini kwa upande mwingine, ikahifadhiwa, na wote wapimwe PSA kwa ratiba moja. Faida ya mahali hapa ni kwamba watu wenye vinasaba vinavyokaribiana na ngozi zinazofanana wanaishi chini ya viwango tofauti kabisa vya jua ndani ya ukanda mmoja, jambo ambalo Marekani haliwezekani kwa sababu huko rangi, umaskini, makazi na jua vimefungamana.

Liko kundi moja ambalo kwake vitamini D ina kazi inayokubalika hata sasa. Tangu Charles Huggins aonyeshe mwaka 1941 kwamba saratani ya tezi dume hulegea homoni za kiume zikiondolewa, tiba ya ugonjwa uliosambaa imekuwa kuzizima homoni hizo, ama kwa sindano zinazorudiwa kila baada ya mwezi mmoja au mitatu, ama kwa upasuaji mmoja wa kuondoa korodani, ambao kwa mgonjwa asiyemudu sindano ndio njia nafuu zaidi. Tiba hiyo hukondesha mifupa haraka, na mifupa ya watu hao mara nyingi imekwisha kushambuliwa na saratani. Ndiyo maana miongozo ya tiba hutaka wapewe kalisi na vitamini D, na wahimizwe kutembea. Mzee aliyeondolewa korodani, akarudishwa kijijini Ileje au Ludewa, naye sasa analala ndani siku nzima kwa sababu ya maumivu, hapati tena jua alilokuwa akilipata shambani. Cheti chake cha kuruhusiwa hospitali kinapaswa kuwa na vidonge hivyo, pamoja na tarehe ya kurudi kliniki.